Bastola ya dola mbili haikuikomboa Ulaya

Ndugu Mhariri,

Mi ni fundi bodi hapa Gerezani, mwaka wa 31 sasa, na gazeti lenu nalisoma kila siku japo linanifikia likishapita kwa vijana wangu wote limejaa grisi. Jumapili mlitoa makala kuhusu ile bastola ya Wamarekani ya vita ya pili, Liberator, mkaandika eti ndo iliyoikomboa Ulaya. Hapana jamani, hapo mmetupiga fiksi.

Ile kitu ilitengenezwa na mafundi wa taa. Sitanii. Kiwanda chenyewe, Guide Lamp, kilikuwa Anderson, Indiana, mali ya General Motors, na kazi yake ya siku zote ilikuwa taa za magari, hizi hizi ambazo mtu akigongwa kwenye foleni Buguruni ananiletea vipande kwenye mfuko wa rambo anauliza kama zinaungika. Walikuwa na mashine za kubonyeza bati, basi mwaka 1942 wakaambiwa bonyezeni bastola. Vipande 23 tu, bei dola 2 na senti kidogo, na mtutu ndani ni laini hauna mistari kwa hiyo risasi ikishatoka inaenda inakojua yenyewe, adui akiwa ng'ambo ya barabara we mwache tu apite. Na ili siri isivuje, kwenye makaratasi wakaiandika ni chombo cha kurushia fataki za mwanga, mtutu ukaitwa bomba.

Kwa wiki kama 11 wakatoa milioni moja. Piga hesabu mchana na usiku, inakuja bastola moja kila sekunde 6 na nusu hivi. Sasa sikia kichekesho, kuipakia upya ilichukua kama sekunde 10! Maana inapiga risasi moja tu, baada ya hapo unafungua nyuma, unachukua kijiti cha mbao kilichokuja nayo, unakichomeka kwenye mdomo wa mtutu unasukuma ganda litoke, ndo unaweka nyingine, na adui muda wote huo sijui anakusubiri? Babu yangu alikuwa na gobole, tukienda kijijini likizo tulikuwa tunamwangalia anavyoshindilia baruti kwa ufito, basi nilipojua habari za hicho kijiti nilicheka peke yangu hapa karakana, Marekani yote ile na viwanda vyake ikaishia kwenye ufito wa babu.

Ila haki yao niwape, boksi lao lilikuwa la akili. Ndani kuna bastola, risasi 10, kijiti, na karatasi ya maelekezo ambayo ni michoro mitupu haina hata neno moja, ili Mfaransa aelewe na Mchina aelewe. Vijana wangu wangefurahi, hawa hata karatasi ya rangi hawasomi.

Halafu haikuwa ya kupigana. Mpango ulikuwa we raia wa nchi iliyotekwa unamsogelea askari wa adui kama unaomba kiberiti, unampiga hiyo moja, unachukua bunduki yake unakimbia. Yani bunduki ya kwenda kuchukulia bunduki. Kwenye karatasi tamu, ila makamanda wenyewe hawakuitaka, zilizofika Ulaya zikawa chache, nyingine zikaenda Uchina na Ufilipino, na vita ilipoisha nyingi zikaharibiwa hazijapiga hata risasi moja. Sasa huo ukombozi ulifanyika saa ngapi?

Kama mnataka kusifia chuma cha wapiganaji, andikeni habari ya Błyskawica, maana yake radi. Hiyo ni rashasha fupi iliyotengenezwa kwa siri Warsaw, Poland, Mjerumani aliyeiteka nchi mwenyewe yupo mjini, kwenye karakana ambayo kwa nje ilijulikana inatengeneza nyavu za uzio. Wahandisi wawili, Wacław Zawrotny na mwenzake Seweryn Wielanier, waliangalia rashasha mbili, Sten ya Mwingereza na MP 40 ya Mjerumani, wakachukua huku na huku, na sehemu kubwa wakaifunga kwa skrubu badala ya kuchomelea ili karakana ndogo ziiweze, na mi naongezea kama fundi, kuchomelea usiku mwanga wake mtaa mzima unauona. Walitoa kama 700 tu na zikaingia kazini kwenye maasi ya Warsaw mwaka 1944. Mia saba kwa kujificha! Hao ndo mngewapa ukurasa mzima, sio milioni iliyolala stoo.

La mwisho, ile picha mliyoweka sio Liberator. Ya kwenye picha ina magazini, na ile nshasema ni ya risasi moja. Rekebisheni, maana kijana wangu ameshaikata na kuibandika ukutani.

Fundi bodi, Gerezani
Dar es Salaam