Mjomba, gurudumu lile usiliuze

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu umepunguza kukusumbua. Nimeamua kuiandika hapa hadharani badala ya kukupigia simu, kwa sababu najua si wewe peke yako. Wako wajomba na mashangazi wengi pwani yetu wenye chuma cha zamani uani, na kijana mwenye mkokoteni mlangoni anauliza kama kinauzwa.

Binamu ameniambia mnunuzi wa vyuma chakavu amepita tena. Ameliangalia gurudumu la troli, kile kigari cha reli cha kusukumwa na watu, akataja bei, nawe ukamjibu utafikiri. Mjomba, hilo neno "nitafikiri" limeninyima usingizi.

Gurudumu lile nalijua kwa nyayo zangu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilikanyaga ili nifikie komeo la mlango wa uani. Chumvi imelila, na ukingo wake umelika upande mmoja kuliko mwingine. Mwaka ule nilipokuja kwako kujifunza kulehemu, ulilipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka pakatokea mng'aro mwembamba pale lilipokuwa likisugua reli. Ukaniambia fundi husoma kwanza chuma kimelika wapi, ndipo ajue kilikuwa kikifanya kazi gani. Maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha huku niliko.

Uliwahi kuniuliza kwa nini siku yangu ya mapumziko naimalizia ndani ya gari linalokwenda polepole kuliko tuktuk. Siku ile sikukujibu ipasavyo. Leo nataka nikujibu.

Hapa San Francisco yako magari ya abiria yasiyo na injini. Hayaendi kwa mafuta, wala kwa betri, wala kwa waya wa umeme juu. Chini ya barabara, kwenye mfereji uliofunikwa, inapita kebo ya chuma yenye unene wa inchi moja na robo, nayo haisimami tangu asubuhi mpaka usiku. Katikati ya reli mbili kuna mwanya mwembamba. Ukisimama barabarani hata kama hakuna gari karibu, unaisikia kebo ikinguruma huko chini, na vigurudumu vinavyoibeba vikigonga. Kebo ziko nne, na zote zinavutwa kutoka jumba moja la mitambo kwenye kona ya Washington na Mason.

Gari lenyewe linateremsha koleo ndani ya mwanya ule. Ni koleo, Mjomba, lile lile ulilonifundisha kulishika, ila kubwa la kumshinda mtu mmoja kulibeba. Dereva husimama katikati ya gari akiwa na mpini mrefu mbele yake. Akiuvuta nyuma, meno ya koleo yanaibana kebo na gari linaondoka nayo, maili tisa na nusu kwa saa, wala hakuna namna ya kuzidi hapo. Akiubana nusu, kebo inateleza ndani ya koleo na gari linasogea taratibu. Akifika mahali kebo mbili zinapopishana lazima aiachie moja kwa wakati wake, gari liserereke lenyewe, kisha aidake nyingine ng'ambo. Hakuna kioo cha kompyuta kinachomwambia ni sasa. Anajua kwa viganja.

Siku moja nilisimama nyuma ya dereva mmoja kwenye mteremko wa Hyde, ule ambao ukifika juu unaiona bahari yote mbele yako na kisiwa cha Alcatraz. Alikuwa ameegemea mpini kwa uzito wake wote, glovu zake zimechakaa kwenye kidole gumba tu. Alipofunga breki nikasikia harufu ya mbao iliyoungua. Nikachungulia. Breki moja ya magari haya ni vipande vya mbao ya msonobari vinavyokandamizwa juu ya reli, na baada ya siku chache vinakuwa vimekwisha, vinawekwa vingine. Wakati wa kushuka aliniuliza mimi ni fundi wa nini, maana nilikuwa natazama chini wakati wenzangu wote wanapiga picha za bahari.

Aliyeyaanzisha magari haya ya kebo anaitwa Andrew Hallidie, Mwingereza aliyekuja California kijana mdogo, akawa anatengeneza kamba za waya za kuvutia mizigo migodini. Inasimuliwa kwamba mwaka 1869 aliwaona farasi wakivuta gari la abiria kupanda mlima, mawe yameloa, wakateleza na kuburutwa hadi chini. Agosti 1873 gari lake la kwanza likajaribiwa kwenye mtaa wa Clay. Miji mingine ikaiga, Chicago na Melbourne zikiwa na mitandao mikubwa, lakini tramu za umeme, yaani magari ya reli ya mitaani yanayoendeshwa kwa umeme, zilipokuja, moja baada ya nyingine ikang'oa kebo zake. Hata San Francisco, baada ya tetemeko na moto wa 1906, njia nyingi hazikurudishwa. Leo hakuna mji mwingine duniani ambao bado unaendesha mfumo huu wa koleo la mkono barabarani.

Na hapa, Mjomba, ndipo nataka unisikilize vizuri.

Mwaka 1947 meya wa mji, Roger Lapham, alitangaza kwamba magari ya kebo ya mtaa wa Powell yaondolewe na mabasi yachukue nafasi. Hoja yake ilikuwa hesabu: mabasi ni nafuu. Mwanamke mmoja, Friedel Klussmann, hakukubali. Hakuwa mhandisi wala mwanasiasa. Alikusanya viongozi wa vikundi 27 vya kina mama, wakaunda kamati, wakatafuta sahihi mtaani, wakafanya hesabu zao wenyewe wakaonyesha kwamba magari yale yanauletea mji zaidi ya yanayougharimu. Suala likapelekwa kwenye kura mwezi Novemba. Waliotaka magari yabaki walikuwa 166,989, waliotaka yaondoke 51,457.

Sitaki nikuchoree hadithi tamu tupu. Mapambano hayakuishia pale. Kampuni binafsi iliyokuwa ikiendesha njia ya mtaa wa California ilisimama mwaka 1951 kwa kukosa bima, na mji ukainunua mwaka uliofuata. Mwaka 1954 kina Klussmann walishindwa, njia kadhaa zikakatwa, na zilizobaki leo ni tatu tu. Kisha mwaka 1982 mfumo mzima ukafungwa kwa sababu ulikuwa umechoka hadi kuwa hatari. Walifukua barabara, wakaweka reli mpya na mifereji mipya, wakalijenga upya jumba la mitambo, kazi ya kiasi cha dola milioni 60, na magari yakarudi Juni 1984. Mama yule aliishi akayaona yakirudi. Alipofariki mwaka 1986, magari yalipambwa kwa vitambaa vyeusi. Mwisho wa njia ya Hyde, sahani ya kugeuzia magari imepewa jina lake.

Kufungwa kule kulizaa jambo jingine jema. Ili wageni wasikose la kupanda, kiangazi cha 1983 mji ulitoa tramu za zamani zikatembea mtaa wa Market. Watu walizipenda hata zikarudishwa kiangazi baada ya kiangazi, na mwaka 1995 zikapata njia yao ya kudumu. Nimepanda tramu ya Milan ya 1928 yenye viti vya mbao vya kukaa ukitazamana na jirani yako. Ipo na ya Blackpool, Uingereza, ya 1934, haina paa, ina umbo la mashua kabisa. Nyingine zimepakwa rangi za miji iliyozitupa tramu zake. Mtu wa mji ule akija hapa anaikuta rangi ya utotoni mwake inampita barabarani.

Wenyeji wa hapa wako wanaolalamika kwamba magari ya kebo yamekuwa ya watalii, nauli kali, foleni ndefu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mimi nina pasi ya mwezi na nimewaona wazee wa milimani wakipanda na mifuko yao ya sokoni, na kondakta anawajua. Na hata wangekuwa watalii watupu, bado yule dereva angekuwa na glovu zilizochakaa kidole gumba. Kazi ingekuwa hai. Lipo jumba la makumbusho humo humo kwenye jumba la mitambo, kuingia ni bure, na ndani kuna gari namba 8 la mtaa wa Clay, la 1873. Nimelitazama mara nyingi. Ni zuri, lakini limenyamaza. Ukigeuka upande wa pili unaona chini yako magurudumu makubwa yakizungusha kebo zinazovuta magari yaliyojaa watu dakika hiyo hiyo. Mimi huishia kusimama upande huo.

Jambo lililonifanya nikumbuke nyumbani ni mwisho wa njia ya Powell, pale inapokutana na Market. Gari la Powell halina kichwa nyuma, lazima ligeuzwe. Linaingia juu ya sahani kubwa ya mbao, dereva na kondakta wanashuka, wanaweka mabega, na wanalisukuma. Kwa mikono! Gari la tani kama saba linazunguka taratibu mpaka linatazama mlima tena. Mara ya kwanza kuona hivyo nilisahau mkate niliokuwa nakula. Nilimwona Babu.

Babu yako wewe, aliyesukuma troli. Wewe ulimdiriki, mimi nimemjua kwa mdomo wako. Ulitueleza jinsi reli zile nyembamba za futi mbili zilivyopita mjini Mombasa kutoka Bandari ya Kale hadi Kilindini. Zilikuwa reli zilizobaki baada ya kampuni ya Waingereza kuanza njia ya kwenda bara mwaka 1890 na kuiacha baada ya maili chache. Vigari vyake vilikuwa na viti na kijipaa cha kuzuia jua, na wakubwa wamekaa juu huku wanaume wetu wakisukuma kwa miguu mitupu. Zikikutana troli mbili, ya mdogo ilinyanyuliwa nje ya reli ipishe ya mkubwa. Najua hiyo ni sehemu chungu ya habari, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyehuzunika zilipoondolewa miaka ya 1920, magari ya mafuta yalipoenea. Lakini jasho lile lilikuwa la watu wetu. Sioni kwa nini wasahauliwe wao pamoja na waliokaa vitini.

Nina deni pia, nalo sijawahi kukuambia. Nilipotoka kwako nilifanya kibarua kwenye yadi moja ya vyuma chakavu. Siku moja waliniletea rundo la chuma cha reli cha kizamani, kizito, kina herufi zimechorwa ubavuni. Nilikikata kwa gesi chote kabla ya adhuhuri na sikuzisoma zile herufi. Nililipwa, nikaondoka. Kila nikisimama pale Powell zinanijia, na siwezi kuzisoma.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwambie yule kijana haliuzwi. Bei aliyotaja nitakutumia mimi, na iwe mara mbili. La pili ni zito zaidi, nalo linakutaka wewe. Binamu aketi nawe na simu yake alasiri moja barazani, umwambie yote: walisukuma wangapi, walishika wapi, waliitikizana vipi kwenye mpando, walivaa nini mvua ikinyesha, Babu alilalamikia mfupa gani uzeeni. Klussmann aliokoa magari kwa sababu madereva wake walikuwa bado hai na wanayaendesha. Sisi hatuna troli hata moja inayotembea. Aliyemsikia msukumaji kwa masikio yake umebaki wewe.

Mimi nakuja Desemba, Inshallah. Nitabeba brashi ya waya na kopo la mafuta. Tutalinyanyua pamoja na binamu, polepole, tuligeuze tuuone ubavu wa chini, maana tangu Babu alilaze hapo hakuna kati yetu aliyewahi kuusoma.

Mpwa wako.