Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kinu, Kodi na Ahadi Niliyoitoa Haraka

Ndugu wanachama wa hapa Lewiston, jimboni Maine, wazee wetu, akina mama, na vijana mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku,

Mwaka jana, katika ukumbi huuhuu, niliwaambia kwamba serikali kuu ya Marekani ina fedha za kujenga viwanda vijijini, na kwamba kinu chetu cha unga wa mahindi kitajengwa kwa fedha hizo. Mlipiga makofi, nami nikayapokea. Leo naanza kwa kulirudisha neno hilo kabla mweka hazina hajasimama. Mpango niliokuwa nausemea haugawi fedha za namna ile. Kilichopo ni punguzo la kodi, na punguzo lenyewe si letu sisi. Ni la benki.

Naomba mnivumilie nieleze, maana kamati imelilipia somo hili kwa vikao vya miezi tisa na nauli za mifukoni mwetu.

Mpango wenyewe ni Punguzo la Kodi la Masoko Mapya. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Clinton Desemba 2000. Shabaha ni kuvuta mitaji iende mahali ambako mabenki hayapendi kwenda: maeneo ya sensa, yaani vipande vidogo ambavyo serikali huigawa nchi kwa ajili ya kuhesabu watu, ambako umaskini umefika asilimia 20, au ambako kipato cha familia hakizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha jimbo au cha jiji husika. Kila mwaka mfuko mmoja ulio chini ya Wizara ya Fedha hugawa vibali vya jumla ya dola bilioni 5. Nasema vibali, si hundi. Wanaopewa ni mashirika yaliyosajiliwa kwa kazi hiyo, nayo huenda kumtafuta mwekezaji, ambaye mara nyingi ni benki. Mtaji ukiwa dola milioni 10, mwekezaji anakatiwa dola milioni 3.9 katika miaka 7: asilimia 5 ya mtaji kila mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo, na asilimia 6 kwa minne inayofuata. Inakatwa kwenye kodi yenyewe anayodaiwa, si kwenye mapato.

Katibu wetu akauliza swali ambalo lilinikwamisha hata mimi. Mtu atoe milioni 10 ili apate nafuu ya milioni 3.9, ana wazimu?

Hana. Hatoi zote. Wanaocheza upatu, au likelemba kama wanavyoita ndugu zetu wa Kongo, wataelewa haraka kuliko wahasibu. Chungu kinajazwa na watu wawili. Wa kwanza ni mkopeshaji wa kawaida, tuseme ametia milioni 7, na anataka alipwe zote na riba. Wa pili ni benki, imetia milioni 3 zilizobaki, na yeye hamtazami mwenye kiwanda kwa malipo, anaitazama kodi yake. Punguzo linahesabiwa kwa chungu kizima, kwa hiyo aliyetia 3 anavuna 3.9 kidogokidogo kwa miaka 7. Chungu kinapita kwenye shirika lenye kibali, shirika linachota ada, mawakili wanachota yao (na mawakili hapa hawachoti kwa kijiko), kisha kiwanda kinakopeshwa kinachobaki kwa mafungu mawili: la kwanza linatokana na fedha za mkopeshaji, la pili na fedha za benki. Katika miaka hiyo 7 kiwanda kwa kawaida hulipa riba tu, tena ya chini. Muda ukiisha benki hujitoa, mara nyingi kwa bei ya kama dola 1,000, na lile fungu la pili la deni linaangukia mikononi mwa upande wa kiwanda chenyewe. Yaani kiwanda kinajidai deni chenyewe, na anayejidai deni mwenyewe husamehe.

Hapo ndipo utamu ulipo. Lakini tuliambiwa wazi na mshauri aliyetusaidia kwamba ada zikishatoka, zawadi halisi kwa kiwanda ni kama sehemu moja ya tano ya gharama, pengine pungufu. Sehemu nyingine zote ni deni kama deni lolote. Tena ni deni lenye kamba: ndani ya ile miaka 7 huwezi kulilipa mapema hata ukipata, maana mtaji ukitolewa kabla ya wakati serikali inamdai mwekezaji mapunguzo yote aliyokwisha kukatiwa, na riba juu. Kwa hiyo mawakili wa benki wanahakikisha huligusi deni hilo kabla ya wakati.

Kwa nini basi hatukuachana nalo siku ya kwanza? Kwa sababu liko karibu na sisi kuliko linavyoonekana. Sheria inalikataa shamba ambalo mali zake zinazidi dola 500,000, kama inavyokataa viwanja vya gofu, kumbi za kamari na maduka ya pombe. Kusaga, kukoboa na kufungasha haikatai. Mahindi yanayolimwa na wanachama hayahusiki, ila unga wake unahusika. Pia Bunge lilielekeza mwaka 2006 kwamba kaunti zilizo nje ya miji zipate haki yao, na lengo linalofuatwa ni asilimia 20 ya uwekezaji. Lewiston tunakokaa inahesabiwa kuwa mji. Ukitaka fungu la vijijini Maine, uende kaunti kama Somerset, Franklin au Oxford.

Ndiyo sababu tulikwenda Skowhegan, mji ulio huko Somerset. Kuna kinu cha nafaka pale, kimewekwa ndani ya lililokuwa gereza la kaunti. Tulikwenda kuangalia mashine. Mzee wetu mmoja, ambaye sitamtaja maana yuko mstari wa pili na ameshaanza kucheka, alisimama nje kitambo akasema: kule nilikotoka niliona maghala yakifanywa magereza, hili la gereza kufanywa ghala sijapata kuliona. Basi zima lilinyamaza hadi tukafika barabara kuu.

Mwaka huu mpango wenyewe nao umevutwa huku na huku. Tangu mwanzo uliishi kwa kuongezewa muda, na muda wa mwisho ulikuwa uishe 2025. Mwezi Machi amri ya Ikulu ikataka ule mfuko unaogawa vibali upunguzwe hadi pale sheria inapolazimisha tu. Mwezi Julai tarehe 4 ikasainiwa sheria inayoufanya mpango uwe wa kudumu, kwa bilioni 5 zilezile kila mwaka. Atakayewaambia anajua mwakani itakuwaje, mwombeni awape na namba za bahati nasibu.

Sasa niseme la East Millinocket, kwa kuwa wengi mmeuliza kwa nini kamati imekuwa na mkono mzito. Maine ilitunga mpango wake wa jimbo mwaka 2011, kwa mfano wa ule wa serikali kuu na kwa asilimia zilezile 39. Mwishoni mwa 2012 kiwanda cha karatasi cha East Millinocket, mji ulioishi kwa karatasi tangu babu zao, kikaandikiwa uwekezaji wa dola milioni 40. Gazeti la Portland, hapahapa Maine, lilipokuja kufukua hesabu mwaka 2015, ilionekana sehemu kubwa, karibu milioni 32, ilikuwa mikopo ya siku moja: iliingia asubuhi, ikarudi kwa wenyewe siku hiyohiyo. Lakini punguzo lilihesabiwa kwa zile 40, na walipa kodi wa jimbo wakabebeshwa kama milioni 16. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa mapema 2014, na watu zaidi ya 200 wakarudi nyumbani. Karatasi za mpango ziliruhusu, hakuna aliyehitaji kuvunja sheria. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Hata ule wa serikali kuu, sheria yake haitaji idadi ya ajira. Inapima mahali na mtaji. Ajira inaingia kama kuna mtu mezani anayelazimisha iandikwe.

Mezani sisi tuliitwa mara moja. Mwezi wa tano mwendelezaji mmoja mwenye mradi wa kiwanda cha vyakula katika kaunti ya vijijini alitutafuta. Alitaka barua yetu ya kumuunga mkono na picha za wanachama, akatuahidi "ajira nyingi kwa jamii yenu". Tulimjibu kwa maswali matatu. Ajira ngapi, na zitaandikwa katika mkataba gani? Mshahara wa kuanzia ni kiasi gani, na usafiri wa zamu ya usiku ni wa nani, maana huko hakuna basi? Mwisho, katika huo mtaji ni dola ngapi zitakazolala kiwandani baada ya siku ya kusaini? Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Barua yetu bado iko kwenye faili la katibu, haijasainiwa. Najua wapo wanaosema tulimfukuza mgeni. Mimi nasema tulimkaribisha, tukamwuliza habari za safari.

Kuhusu kinu chetu wenyewe, hesabu ni fupi. Mawakili na ada ni vilevile kwa mradi mdogo na mkubwa, na kila tuliyeongea naye alitaja mradi wa dola milioni kadhaa kwenda juu. Chetu hakifiki hata milioni moja. Tukilazimisha tutajenga kinu kikubwa kuliko mahindi yetu ili tu tulingane na karatasi. Kamati inapendekeza tuchukue mkopo wa kawaida wa mashine ndogo kutoka kwa mkopeshaji asiyetafuta faida, tuanze na kusaga kwa kukodi, na lile punguzo tulisubirie siku kiwanda kikubwa cha kijijini kitakapohitaji mshirika wa kumsagia au wa kumfungashia. Hapo masharti yetu matatu yatakuwa tayari.

Mambo mengine kwa ufupi. Mfuko wa mazishi umehudumia familia zote zilizofiwa mwaka huu bila kukopa, na namshukuru mweka hazina kwa ukali wake. Masomo ya Kiingereza cha kiwandani yanaendelea Jumamosi. Ubishi wa sembe na dona haujaisha. Kamati imekataa kuupigia kura, tutasaga vyote viwili.

Leo mtapiga kura mara mbili: kuhusu mkopo wa mashine, na kuhusu yale maswali matatu yawe masharti ya chama kwa mtu yeyote atakayekuja kuomba jina letu. Karatasi ziko kwa katibu, za Kiswahili na za Kifaransa. Mlangoni kuna mifuko ya unga wa majaribio uliotokana na mahindi ya msimu huu. Kila nyumba ichukue mmoja, na atakayeupika aje aseme ukweli, hata kama umetoka na chenga.