Ripoti Inasema "Kuta Zina Unyevu": Fanya Haya Kabla Hujalipia Nyumba

Sisi ni mafundi wa kukagua na kutengeneza kuta zenye unyevu, na simu nyingi tunazopokea hapa ofisini Moshi zinafanana. Mtu amepata nyumba, ameipenda, bei wameelewana, halafu ripoti ya mthamini inarudi na mstari mmoja: kuta zina dalili za unyevu. Dalali anamwambia ni jambo dogo, fundi atapiga rangi liishe. Benki inasubiri jibu. Yeye hajui asaini au aachane nayo.

Tunachomwambia kila mmoja ni kwamba asubiri kidogo, ajue kwanza maji yanatoka wapi. Kazi ya mthamini ni kukadiria thamani. Ameona doa, ameliandika, ameishia hapo. Chanzo hakukitafuta, na chanzo ndicho kinachoamua kama utatengeneza gata tu au utafukua kuzunguka msingi mzima. Ukutani yote mawili yanaweza kuonekana kama doa lilelile.

Anza kwa kuangalia doa limekaa wapi. Maji yanayotoka ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na mara nyingi huishia kama mita moja kutoka sakafuni. Hapo juu huacha mstari uliopinda-pinda wenye unga mweupe. Huo unga ni chumvi ya udongoni na ya kwenye tofali, maji yamekauka yakaiacha. Rangi inabanduka, na plasta ukiigonga inalia mvungu. Kwa kawaida sababu ni kwamba ile nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupanga tofali haikuwekwa, au imechanika, au udongo wa nje umerundikwa hadi kuipita. Hili la udongo tunalikuta sana. Mwenye nyumba ametengeneza bustani nzuri ya maua, amejaza udongo na mbolea hadi usawa wa sakafu ya ndani, kisha anamwagilia kila jioni.

Doa la kahawia lenye pete, karibu na dari, ni la paa. Kwenye nyumba za sasa zenye bati lililofichwa nyuma ya ukuta, panda juu uangalie gata la ndani. Likiziba majani wakati wa masika, maji hayana pa kwenda ila ndani ya ukuta. Nyumba za mteremkoni, kuanzia barabara za Kibosho na Marangu hadi vitongoji vya Arusha vilivyo chini ya Meru, zina tatizo lao: ukuta wa upande wa juu umepakana na ardhi iliyokatwa, na maji ya mvua yanausukuma kwa ubavu. Kama shimo la maji taka la jirani wa juu liko karibu, nalo lichunguze.

Bomba lililovuja ndani ya ukuta halihitaji mtaalamu kuligundua. Funga koki zote za nyumba, nenda kwenye mita, tazama. Namba zikisogea, maji yanapotea mahali.

Kuna unyevu wa aina nyingine unaowatia watu hasara bure, ule wa hewa. Karibuni tuliitwa kwenye nyumba moja upande wa Njiro. Mnunuzi alikuwa ameshaambiwa na fundi kwamba plasta ya chumba kizima ibomolewe. Tulimsalimia mwenye nyumba, "Shikamoo mzee, tunaomba tusogeze hilo kabati," naye akasema, "Sogezeni tu wanangu, hapo nyuma hata mimi sijapaona siku nyingi." Nyuma ya kabati fangasi nyeusi zilikuwa zimejaa kwa umbo la kabati lenyewe. Chini ya ukuta hapakuwa na chumvi hata kidogo, na plasta ilikuwa ngumu. Tulibandika kipande cha nailoni ukutani, tukakiziba kingo zote kwa gundi ya utepe, tukakiacha hadi kesho yake. Matone yalitokea upande wa chumbani, nyuma ya nailoni pakavu kabisa. Maana yake maji hayakutoka ukutani. Ulikuwa mvuke wa bafu la ndani lisilo na tundu la hewa, unagusa ukuta wa baridi na kugeuka maji. Miezi ya Juni na Julai, Arusha inapokaa na mawingu, hali hiyo huzidi. Pale dawa ilikuwa feni ya bafuni, dirisha lifunguliwe, kabati liachwe mbali na ukuta, na fangasi zisafishwe vizuri, hasa kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu.

Ukikagua wakati wa kiangazi ukuta unaweza kuwa mkavu kabisa ukiugusa. Tazama basi yaliyofichwa. Rangi mpya upande wa chini tu, au vigae vilivyopandishwa ukutani sebuleni bila sababu. Bonyeza kwa ufunguo sehemu ya chini ya fremu ya mlango, ufunguo ukizama mbao imeoza. Ukiweza, rudi mvua ikiwa inanyesha. Na ukikutana na mtu mwenye kipima unyevu anayekusomea namba moja na kukupa bei ya matengenezo papo hapo, mshukuru umwache aende. Chumvi ya ukutani hupandisha namba hizo hata pale maji yalipokwisha.

Kuhusu matengenezo, tunasema wazi kwamba hatukubali kupiga plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji juu ya ukuta unaonyonya, na hatupaki rangi ya mafuta juu yake. Maji yakizibiwa hapo chini hupanda juu zaidi. Kwanza tunashusha udongo wa nje hadi sentimita 15 chini ya ile nailoni ya msingi, tunaelekeza maji ya paa mbali, na panapohitajika tunachimba mtaro wa kokoto. Mara nyingi hilo linatosha. Kama nailoni haipo kabisa, tunatoboa matundu kwenye mstari wa chini wa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshika tofali) na kujaza dawa inayozuia maji kupanda. Plasta yenye chumvi inatolewa hadi kuvuka mstari wa doa, kisha ukuta unaachwa ukauke. Kausho hili halina njia ya mkato: hesabu kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Sasa bei. Chukua makadirio ya maandishi, upeleke kwa muuzaji kabla wakili hajaandaa mkataba wa mauziano. Sisi tunapendelea bei ipunguzwe kuliko muuzaji kutengeneza mwenyewe, kwa sababu anayehama hutafuta njia rahisi, na njia rahisi ni rangi. Kama chanzo kiko kwenye kiwanja cha jirani, kaeni naye pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na makubaliano yaandikwe, hapo ndipo utoe hela.

Ukitupigia, tuambie nyumba iko upande gani wa mteremko, ilijengwa lini, na doa liko juu au chini. Na mwombe muuzaji asipake chochote hadi tufike.