Mheshimiwa Waziri wa Afya, mlo kamili tunaujua, kiasi ndo hatujui

Mheshimiwa Waziri, shikamoo na pole na majukumu.

Kila siku tunaambiwa Watanzania wananenepa sababu hawana elimu ya lishe. Mi naona elimu ipo ila ni ya vita nyingine, muulize yeyote aliyemaliza darasa la saba atakutajia wanga protini vitamini bila kukwama, lakini hayo yote tulifundishwa enzi za kuogopa kwashakoo na udumavu, ujumbe ulikuwa kula ushibe. Sasa utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, na ule wa 2022 unaonyesha wameongezeka.

Kiasi hakuna aliyetufundisha. Pita kwa mama ntilie saa saba mchana uone, ugali mlima mzima, dagaa kijiko kimoja, mchicha wa kuzugia pembeni na soda baridi ya kushushia. Makundi yote yapo hapo! Ila hiyo kola ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu mzima asivuke kama sita kwa siku nzima. Lebo nayo inasema gramu kwa mililita 100, nani anapiga hesabu hiyo na jua la Kariakoo kichwani? Chile tangu 2016 wanabandika alama nyeusi mbele ya pakiti, sukari nyingi, imeisha hiyo.

Sisemi tukijua tu tutapungua, manesi wanajua lishe kuliko mimi na vitambi wanavyo, maana ukiwa zamu ya usiku kinachopatikana getini ni chipsi mayai.

Ombi langu dogo. Kliniki ya watoto mtoto anapimwa, kadi inachorwa, mama anaelezwa. Sisi wakubwa tunapandishwa kwenye mizani, inaandikwa 94 kwenye daftari, haya nenda kwa daktari, maelezo utayapata ukishakutwa na sukari au presha. Waagize watupime na urefu na kiuno, mtu aambiwe palepale apunguze nini kwenye sahani, kwa kijiko na ngumi na kikombe, sio kilokalori. Na maafisa lishe wa halmashauri wafike kwenye vibanda vya chipsi, sio kila siku semina za hotelini ambako chai ya saa nne inakuja na maandazi na sambusa mbili mbili.