Gari langu lilichemsha tu, walioliua ni waliokuja kulivuta

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya mwezi jana kuhusu magari yanayotelekezwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, mliyoiwekea picha ya lori limelala ubavu, imenikaa kooni hadi leo. Nalinunua gazeti hili tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata siku ile mlipokosea jina la hospitali niliyokuwa nafanya kazi mara tatu ndani ya habari moja. Lakini mwandishi wenu kampa nafasi mwenye brekidauni, lile lori la kuvuta magari mabovu, alalamike weee kwamba wenye magari ni wabishi, gari limekufa na bado hawataki kuvutwa. Hakumtafuta mwenye gari hata mmoja amuulize kwa nini hataki. Basi mimi najibu bila kuulizwa: hatutaki kwa sababu tumeshawahi kuvutwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Kimara. Gari langu ni RAV4 ya zamani, ya oto, yaani inajibadilishia gia yenyewe, inayoendeshwa na tairi zote nne. Nililinunua kwa kiinua mgongo, kwa hiyo msije mkanidhania bosi. Mwezi wa tatu nilikuwa natoka msibani Chalinze. Nilipofika Kibamba mshale wa joto ukapanda, nikaegesha pembeni nikazima injini. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Mpira wa Sh15,000, Mhariri. Ningekuwa na akili zangu ningempigia fundi aje nao kwa bodaboda, na leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini askari wa barabarani akatokea, akasema mama hapa hapakaliwi, na kabla sijaipata namba ya fundi kwenye simu brekidauni ikawa imeshapiga breki mbele yangu. Nani aliyeiita sijui, na sisemi kitu.

Wakashuka vijana wawili. Shikamoo mama, marahaba, tunalipeleka wapi? Nikawaambia Kimara Korogwe, kwa fundi wangu. Tukapatana Sh120,000. Nikauliza, wanangu, hili ni la oto na ni la tairi nne, mnalibebaje? Yule mdogo akacheka: "Mama, hii ndiyo kazi yetu, wewe panda mbele upumzike." Nikapanda, nikapumzika, na kupumzika huko kumenigharimu kuliko ugonjwa. Chini ya bampa kuna pete ya kuvutia iliyowekwa na kiwanda, wao hata hawakuinama kuitafuta. Walipitisha mnyororo kwenye vyuma vya stelingi, wakanyanyua pua, tairi za nyuma zikabaki chini, tukaondoka. Redio yao ilikuwa inapiga kelele za mechi ya mpira. Tulipokaribia stendi ya Mbezi nikasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia dereva, mwanangu nasikia harufu. Akanijibu ni breki za malori, mama, hapa siku zote pananuka hivi. Nikanyamaza kama mjinga. Tulipofika Korogwe waliliachia gari likashuka kwa kishindo, bampa likapasuka katikati, na bei ikawa imepanda hadi Sh180,000. Sababu? Kilima. Kilima gani, Mhariri, kwenye barabara ya njia nane ambayo majirani zangu walibomolewa nyumba mwaka 2017 ili ipite?

Fundi alibadilisha mpira siku ileile. Gari likawaka vizuri kabisa, injini inanguruma kama mpya. Akaweka gia, gari halisogei.

Kwa wasiojua, nawaeleza kama nilivyoelezwa mimi, na ninaomba yule mwenye brekidauni wenu asome polepole. Giaboksi la oto linapata oili kutoka kwenye pampu, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Ukizima injini, pampu imelala. Sasa ukiburuza gari hilo huku tairi zinazoendesha ziko chini, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu na kulana vyenyewe. Gari la tairi nne ndiyo balaa zaidi: mbele iko juu imetulia, nyuma inakimbia, na kile chombo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinavutwa huku na huku mpaka kinaungua. Ndiyo ile harufu yangu ya Mbezi. Gari kama langu hubebwa zima juu ya sakafu ya lori, au tairi zote nne ziwe hewani. Hiyo siyo siri ya kiwanda, imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu changu ni cha Kijapani sikijui kusoma, lakini mchoro wake ninauelewa, na mtu anayekula kwa kazi hiyo angeuelewa pia kama angetaka.

Nikaenda ofisini kwao. Meneja akanikaribisha kiti, akaniletea maji, akaniita mama mara nyingi kuliko wanangu wa kuwazaa. Kisha akasema: giaboksi lilikuwa limeshakufa, sisi tulilikuta gari limesimama. Nikamwambia limesimama kwa mpira. Akasema nitathibitishaje? Akageuza risiti yangu, akanionyesha chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: gari linavutwa kwa hasara ya mwenye gari, kampuni haihusiki na uharibifu wowote. Hapo ndipo damu iliponichemka kushinda rejeta. Miaka thelathini nimefanya kazi wodini. Hakuna mgonjwa aliyepita mikononi mwangu bila kuandikwa ameletwa saa ngapi, na nani, ana jeraha wapi, anapumuaje, na tukibadilishana zamu tunapita kitanda kwa kitanda tunasomeana. Mgonjwa akiamka na kidonda ambacho hakikuandikwa usiku, ni kidonda cha zamu ya usiku, basi, hakuna mjadala. Sikuwahi kumwambia ndugu wa mgonjwa kwamba anaingia wodini kwa hasara yake mwenyewe. Huyu kijana anapokea mali ya mtu ya mamilioni, haandiki chochote, hapigi picha hata moja ilhali simu tatu ziko mezani kwake, halafu mimi ndiye wa kuthibitisha! Na lile bampa, nikamuuliza, nalo lilikufa kwa mpira wa rejeta? Akasema bampa la zamani, mama, plastiki inachoka.

Nikajaribu bima. Yangu ni ile ndogo, ya Sh118,000, inayolipa watu nitakaowagonga na si gari langu, hilo nalijua. Nikauliza, je, ya brekidauni? Wakala akanieleza kwa upole kwamba brekidauni ikinigonga barabarani bima yake itanilipa, lakini gari ililolining'iniza yenyewe halimo, kwa sababu limo mikononi mwao. Yaani ningekuwa salama zaidi kama wangenigonga! Kituo cha polisi nikaambiwa hili ni la madai, si jinai, niende mahakamani. Mpwa wangu aliyesoma sheria anasema Sheria ya Mikataba, Sura 345, iko wazi: aliyekabidhiwa mali ya mwenzake lazima aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Nimefurahi kusikia. Sisi wengine tulifundishwa hilo madrasa tukiwa wadogo, tukaambiwa linaitwa amana. Nimeandika barua ya madai ya Sh2,150,000, giaboksi la mtumba na ufundi, bampa, na vile vyuma vya stelingi vilivyopindwa na mnyororo. Wamegonga muhuri wa kupokea. Kumbe kuandika wanajua.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna jambo jingine mwandishi wenu aliliona kwenye picha yake mwenyewe akalipita. Yale majani. Lori likiharibika, utingo anakata matawi ya miti anayatandika barabarani hatua ishirini nyuma yake, na mawe makubwa kama vichwa vya watoto anayaweka kwenye tairi. Lori likipona linaondoka, matawi na mawe yanabaki. Usiku unayakuta katikati ya njia, na ukiyakwepa unakutana na bodaboda. Mimi mwenye kigari changu nisipokuwa na zile pembetatu nyekundu ninaandikiwa faini. Kila mwaka waipa zangu na taa zangu zinakaguliwa ndipo nibandikwe stika ya Nenda kwa Usalama. Ule mnyororo wa brekidauni nani anaukagua? Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na kutangazwa hadi senti, ila bei ya brekidauni inapangwa na sura ya mwenye gari, na nahisi sura yangu siku ile ilikuwa ya msibani.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila brekidauni iwe na daftari la makabidhiano lenye karatasi za kaboni, nakala tatu, ya mwenye gari iwe ya rangi ya waridi isipotee kirahisi. Kabla mnyororo haujagusa chuma, iandikwe: gari la oto au la manyo (la gia za mkono), tairi mbili au nne, limesimama kwa tatizo gani, lina mikwaruzo wapi, litabebwaje, kwa bei gani. Picha nne, moja kila upande, zitumwe kwa mwenye gari palepale. Dakika saba, nimepima kwa saa nikijaribu na gari la jirani. Asiye na daftari asishike gari la mtu, hata kama ameitwa na nani. Na kama daftari ni gharama kubwa kwao, basi iwe hivi: kila tarehe 1 Julai mwenye kampuni alete gari lake la kutembelea, livutwe na vijana wake mwenyewe kutoka Kibamba hadi Kimara Korogwe, pua juu na nyuma chini, yeye akiwa ameketi mbele anasikiliza mpira. Mimi nitagharamia chai.

Mwandishi wenu akitaka kuja Korogwe aje, giaboksi lipo mezani kwa fundi limefunguliwa, ataiona rangi ya oili na atainusa. Nimeambatanisha picha mbili. Ya bampa mnaweza kuipunguza mkikosa nafasi. Ya risiti naomba mwiweke kubwa, yale maandishi ya chini yasomeke.

Muuguzi mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam