Gari likizimika majini, acheni stata

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na madereva wenzangu, hasa wenye magari madogo, kabla msimu wa masika haujakolea. Mimi ni fundi injini, gereji yetu iko Tabata, Dar es Salaam. Kila mwaka kati ya Machi na Mei tunaletewa magari yaliyovutwa kutoka kwenye maji: Jangwani, Kigogo, na mitaa ile ambayo mvua ikipiga kwa saa mbili tu barabara huioni. Wenyewe wanaingia na kauli ileile, "Fundi, maji yameniulia injini." Nikifungua, mara nyingi nakuta maji yaliizima tu. Kilichoiua ni stata iliyopigwa baada ya hapo.

Injini inavuta hewa kwa bomba, na kwenye magari mengi madogo mdomo wa bomba hilo uko mbele, karibu na taa, si juu sana ya bampa. Gari likizama hadi hapo linavuta maji. Maji yanapita kwenye ekliena, yaani chujio la hewa, yanashuka kwenye silinda. Hewa ukiibana inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikayakuta, inakwama na injini inazimika. Kama ulikuwa unakwenda mdogomdogo, hapo bado una injini.

Balaa linaanza wanapofika vijana wa kusukuma. Nawaheshimu, wanatafuta riziki, ila ushauri wao ni mmoja tu: "Bosi, piga stata, itawaka hiyo!" Bosi anapiga. Haiwaki. Wanaleta betri ya gari lingine, wanaboost, anapiga tena. Kila akigeuza ufunguo, stata inailazimisha pistoni ipande juu ya maji yasiyo na pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki.

Hapa mezani kwangu ninapoandika zipo konrodi nne za Toyota IST. Ukizitazama mojamoja utaapa zote nzima. Zilaze juu ya kipande cha kioo: tatu zinatulia, moja inachezacheza, na chini yake upande mmoja unapita wembe. Upindo wenyewe ndio huo. Hii tumeiwahi. Ingerudishwa barabarani hivyo hivyo, gari lingewaka, lingetembea kwa kelele kidogo, halafu siku moja ingekatika na kutoboa bloku. Hapo mtu ananunua injini nyingine.

Kwa hiyo gari likizimika majini, zima swichi, weka gia kwenye N, lisukumwe hadi nchi kavu. Ukiwa na spana, fungua waya wa hasi wa betri. Kisha fungua boksi la ekliena, wala halihitaji fundi, mengi yana vibanio tu. Ekliena ikiwa imelowa, usiguse ufunguo. Fundi anayejua kazi atatoa plagi zote kwanza, ndipo apige stata ili maji yaruke nje kwa matundu yale. Atachomoa na stiki ya oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, imwagwe yote pamoja na filta yake. Fundi akianza kwa kuomba ufunguo awashe, mwambie asubiri.

Na kuvuta kwa kamba kutoka Jangwani mpaka Mbagala, gari la automatiki, magurudumu ya mbele yakiburuzwa, ni kuongeza hasara ya gia boksi juu ya hasara ya injini. Ita brekidauni linyanyuliwe mbele.

Mimi maji yakizidi nusu ya gurudumu sipiti, hata kama daladala imepita. Daladala iko juu kuliko Passo yako, na wimbi linalotupwa na lori linalokuja upande wa pili linaweza kufika kwenye bomba la hewa hata pale ambapo maji yaliyotulia hayafiki.

Mengine kwa ufupi. Waipa zimeliwa na jua la Januari na Februari, badilisha raba mapema, bei yake ni ndogo. Kioo kikiingia ukungu ndani, washa AC, inakausha hewa. Naona watu wanaizima kwa sababu ya baridi halafu wanafuta kioo kwa kiganja huku wanaendesha. Hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili zikiwaka pamoja, tuziache kwa gari lililosimama au lenye hitilafu. Ukiziwasha mvuani, nikiwa nyuma yako nitajuaje unakata kona?

Matairi ya mtumba yana hadaa yake: kashata, yaani meno ya tairi, nzuri, mpira mzee. Tafuta ubavuni herufi DOT, uangalie namba nne za mwisho. Ukikuta 1214, limetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo umekakamaa, kwenye lami yenye maji haushiki vizuri. Mteja akiniletea la zaidi ya miaka kumi simfungii, aninunie tu.

Na kwa wanaonunua magari masika yakiisha: inua kapeti, papasa chini ya kiti, tazama boliti za reli zake. Tope na kutu pale vitakuambia asichokuambia dalali.

Ombi langu la mwisho ni kwa wasimamizi wa barabara zetu, TANROADS na TARURA. Sehemu zinazojaa maji kila mwaka zinajulikana, hata watoto wanazijua. Tunaomba pande zote mbili za kila sehemu hiyo kuwe na nguzo zilizopakwa rangi na kuandikwa vipimo, sentimita 20, 40, 60, kuanzia usawa wa lami, ili dereva aone kina kabla hajaingia. Rangi iwe ile inayong'aa kwenye taa, maana wengi tunaoletewa hapa walikwama usiku.

Fundi injini,
Tabata, Dar es Salaam