Wimbo wa taifa ulianza na mama kubembeleza mtoto

Mhariri,

Naandika hii barua jioni ya Desemba 12, Siku ya Jamhuri, sherehe zimeisha kwa tivii, jirani yangu bado amefunga kibendera kwa boda yake, na mimi roho iko juu tu. Na sio sababu ya ndege za jeshi, hizo watoto ndio walizipenda mpaka wakatoka nje kuangalia juu wakidhani zitafika huku kwetu Kisauni, mimi ni ule wimbo. Kila mwaka bendi ikianza Ee Mungu Nguvu Yetu lazima nisimame, hata niwe peke yangu kwa nyumba, hata niwe nimeshika sahani ya pilau.

Mimi ni Mpokomo. Wakenya wengi hawajui hili na siwalaumu, lakini sauti ya wimbo wa taifa imetoka kwetu, ni wimbo wa mama kunyamazisha mtoto anayelia. Mwaka wa 1963 serikali iliteua watu watano wa muziki, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, watengeneze wimbo wa nchi inayokaribia uhuru, na kwa hizo nyimbo zote za makabila yetu wakaenda kuchukua ya kina mama wa mto Tana. Hebu fikiria, wangeweza kuchukua wimbo wa vita, ziko tele, wakachukua wa mtoto mgongoni. Marehemu nyanya yangu akisikia bendi ya polisi kwa redio alikuwa anacheka peke yake, anasema hawa wameuvalisha buti.

Na pia kuna Hola, mji wa huko kwetu Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa mpaka wakafa kwa kambi ya hapo, kosa lao ni kukataa kazi ya kulazimishwa, halafu wakubwa wa mkoloni wakatoa taarifa ati ni maji waliyokunywa ndiyo yamewaua. Maji! Ule uongo ulifika mpaka bunge la Uingereza ukawaaibisha. Wale marehemu hawakuwa watu wa kwetu, waliletwa kutoka mbali, lakini walifia kwa mchanga wetu, na mimi Jamhuri ikifika nawahesabu kama wa nyumbani.

Sasa mhariri kinachoniuma ni hiki, sisi watu wa Tana River tunaonekana kwa habari mto ukifurika tu, kama ile 2024, maji yakishuka basi tumesahaulika mpaka mvua ingine. Na wimbo wenyewe watu wanaimba ubeti wa kwanza kwa nguvu, ukifika wa pili midomo inachezacheza, wa tatu ndio usiulize, hata waheshimiwa pale mbele kamera ikiwapitia unaona kabisa mtu anatafuna hewa. Kijana wangu wa gredi ya sita ananiambia ati sauti ilitungwa na wazungu (Hyslop alikuwa mzungu kweli, hapo nilinyamaza kidogo kabla sijamjibu).

Ombi langu ni dogo na halina bajeti. Jamhuri ijayo, kabla bendi haijaanza, aletwe mama mmoja kutoka Ngao au Garsen au Hola kwenyewe, apewe maiki, auimbe vile anavyomuimbia mtoto wake, kwa Kipokomo, dakika mbili tu, halafu bendi ndio idakie hapo hapo. Nchi nzima itasikia yenyewe, hakuna haja ya hotuba.

Leo mchana sherehe zikiisha katoto ka dadangu kalikuwa kanalia usingizi, nikakabeba nikaanza kukaimbia ule wetu wa zamani, polepole. Kugeuka, namuona yule wangu wa gredi ya sita amesimama wima katikati ya sebule, mikono imenyooka ubavuni, anangoja nimalize.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa